Mliojenga nyumba za kupangisha: msanifu majengo aliwaongezea nini? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Wengi tukipata kiwanja tunanunua ramani ya mtaani, tunamkabidhi fundi, basi. Mimi kule Mbezi nilimpa kazi msanifu aliyesajiliwa AQRB, bodi ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, na faida ya hela niliyomlipa niliiona kwenye korido.

Ramani ya mwanzo ilikuwa na korido ya mita 20 kwa 1.5, ngazi mwishoni. Hizo ni mita za mraba 30 kila ghorofa, unazimwagia zege, unazipiga tailizi, na hakuna mpangaji anayezilipia. Yule dada msanifu akaleta ngazi katikati, milango minne ikaizunguka, njia ikabaki mita za mraba 10. Kila apatimenti ikaongezeka mita za mraba 5: jiko la kueleweka na sehemu ya kuanikia nguo. Na kabla hajashika kalamu aliniuliza, "Mpangaji wako ni nani?" Fundi hakuwahi kuniuliza hivyo.

Nanyi mwageni yenu.

Mama Tegeta: Kwangu ni jua. Msanifu alikataa katakata kuweka vyumba vya kulala magharibi. Pande ndefu za jengo akazielekeza kaskazini na kusini, magharibi akaweka ngazi na vyoo. Joto la Dar mnalijua, mpangaji akichoka kukilisha kiyoyozi umeme wa LUKU anahama. Wangu wametulia. Tena mtazame Soko la Kariakoo alilolisanifu Beda Amuli miaka ya 1970, lilivyoachwa wazi hewa ipite. Ujuzi huo tunao hapahapa nyumbani.

Mtu wa Nyegezi: Mwanza ni mawe na miinuko. Fundi alitaka tuchonge kilima chote, kifusi kiende, nondo zije. Msanifu akalishusha jengo kwa ngazi kufuata mlima, na upande wa chini, ulipo usawa wa barabara, zikapatikana fremu tatu za maduka. Mwenye saluni alilipia hata rangi haijakauka.

Mzee wa Kihonda: Nakubaliana nanyi, ila msiishie kwenye michoro ya kuombea kibali. Lipieni na usimamizi. Kwangu fundi alishaanza kuziba shafti, ile nafasi ya wima ya kupitishia mabomba, apate stoo, msanifu akamkuta siku hiyohiyo, tofali zikashushwa. Bomba likivuja ghorofa ya pili, mnafungua kimlango tu, hamvunji ukuta wa mtu.

Mama Tegeta: Mzee, usimamizi ulilipa kwa mwezi au kwa hatua?

Mzee wa Kihonda: Kwa hatua, mama. Msingi, kila jamvi la zege, paa, kisha umaliziaji. Hatua haijakaguliwa, fundi halipwi.