Tupeane uzoefu: flashi imegeuza folda zote kuwa shotikati, mnaisafishaje kompyuta ya nyumbani?

fundi_waya
Wakuu, uzi huu ni wa jambo moja tu. Flashi imepelekwa steshenari kuchapisha barua. Ikichomekwa nyumbani kila folda imekuwa shotikati yenye kimshale pembeni, na flashi nyingine zinazofuata nazo zinapata hali hiyohiyo. Mwenye njia aweke hatua zake kamili, amri zake na sababu, ili anayehangaika asibahatishe.

Naanza na onyo: USIFOMATI. Mafaili hayajafutwa. Inauma sana kuona picha za harusi na tasnifu za watu zinapotea kwa sababu mtu kafungua flashi, kaona "haina kitu", kafomati. Bofya kulia kwenye flashi, ingia "Properties", tazama nafasi iliyotumika. Kama flashi ya GB 16 inaonyesha GB 11 zimejaa, vitu vyako vyote vimo humo.

nyuki_mtandao
Tuanze na namna mdudu huyu (virusi) anavyofanya kazi, maana mpangilio wa usafishaji unatoka hapo. Mara nyingi ni skripti (faili la amri) yenye mwisho wa .vbs, inayoendeshwa na wscript.exe, ambayo ni programu halali ya Windows yenyewe. Anazipa folda zako sifa mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha anaweka shotikati yenye jina lilelile. Ukiibofya, shotikati inaita cmd.exe (dirisha la amri la Windows), inaamsha skripti, halafu inakufungulia folda halisi. Ndiyo maana mtu hashtuki. Wakati huohuo nakala imeshaingia kwenye folda za AppData au Temp na kujiandikisha ianze kila kompyuta inapowaka.

Kwa hiyo ukisafisha flashi kabla ya kompyuta unatwanga maji kwenye kinu. Kompyuta kwanza, flashi baadaye.

fundi_waya
Sawasawa mkuu. Hatua za kompyuta basi:

Zima intaneti, chomoa flashi zote. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Details", tafuta wscript.exe. Ukiikuta, bofya kulia kwanza, chagua "Open file location"? Hapana, hiyo itakupeleka System32 tu, na hilo faili usiliguse kabisa. Unachotaka ni jina la skripti inayoendeshwa: bofya kulia juu ya vichwa vya safu, "Select columns", weka tiki kwenye "Command line". Sasa utaona njia nzima hadi kwenye .vbs. Iandike pembeni, kisha "End process tree", halafu nenda ukalifute faili hilo.

Baada ya hapo tafuta alipojiandikisha. Windows+R, andika shell:startup, futa usichokijua humo. Kisha fungua regedit (kihariri cha rejista ya Windows), uende HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Run, ufute mstari unaotaja ile .vbs. Malizia na taskschd.msc (kipanga kazi cha Windows), kwa sababu aina nyingine hujipangia kazi ya kila dakika kadhaa. Ukiruka sehemu moja, kesho yupo tena.

mama_hesabu
Naongeza la programu ya Autoruns ya Sysinternals (zana za Microsoft): ni ya bure na inaonyesha sehemu zote hizo kwa pamoja. Lakini watu huweka chujio la kuficha maingizo ya Microsoft ili orodha ipungue. Kwa mdudu huyu usifanye hivyo, maana wscript.exe ina saini ya Microsoft na mstari unaoutafuta unaweza kufichwa nao. Pia ondoa tiki kwanza, usifute. Ukikosea, unairudisha.

nyuki_mtandao
Kisha skani ya Microsoft Defender Offline. Ipo ndani ya Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options". Kompyuta inajizima na kuwaka kabla Windows haijapanda, na hapo mdudu hana nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15. Hifadhi kazi yako na uchomeke chaja, umeme wenyewe mnaujua.

Kabla ya kuskani, fungua orodha ya "Exclusions". Virusi vingi vinaandika humo diski nzima ya C, halafu Defender inasema kila kitu safi kwa sababu imekatazwa kuangalia. Wenye programu za kuamilisha Windows bila leseni, orodha yenu huwa haiko tupu, kwa sababu maelekezo ya kuziweka yanawaambia mzime ulinzi kwanza. Futeni hayo maingizo, na programu yenyewe iondoke.

mzee_terminali
Zamu ya flashi. Ichomeke lakini usibofye chochote ndani yake. Fungua cmd, hakikisha herufi ya flashi (tuseme ni E), andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize, kisha:

del E:\*.lnk

Na .vbs uzifute. Angalia herufi mara mbili. Ukiandika C badala ya E utaondoa sifa za mafaili ya mfumo. Kuweka tiki ya "Hidden items" peke yake hakusaidii: folda zina sifa ya mfumo pia, mpaka uondoe tiki ya "Hide protected operating system files".

Kuna aina inayohamisha kila kitu kwenye folda isiyo na jina, kumbe jina lake ni nafasi tupu. Wengi huidhani ni takataka wakaifuta. Ifungue, mali yako imo humo.

Mwenye Linux yuko na raha: .vbs haina pa kuendeshwa, unafuta kama faili la kawaida. Hata simu ya Android yenye waya wa OTG (wa kuchomekea flashi kwenye simu) inatosha kuokolea mafaili.

kijana_wa_mikindani
Nimefuata yote, ila kompyuta ikiwaka inaleta kisanduku cha Windows Script Host kwamba haioni skripti. Amerudi?

fundi_waya
Hapana mkuu. Faili limeshakufa, ila mstari wa kuliita umebaki. Rudi kwenye Run ya regedit, shell:startup na taskschd.msc, mmojawapo bado unalitaja.

mama_hesabu
Nenosiri nalo lisisahaulike. Baadhi ya skripti hizi hufungua mlango kwa mtu wa mbali, kwa hiyo badilisha la barua pepe na la benki ukitumia kifaa kingine, na uchague kujiondoa (log out) kwenye vifaa vyote. Kubadilisha nenosiri pekee si lazima kumfukuze aliyekwisha ingia.

mzee_terminali
Na kwa steshenari, achaneni na flashi. Tumeni PDF kwa barua pepe. Kama lazima mbebe kitu, chukueni kadi ya SD yenye kitelezi cha LOCK pembeni, au kadi ndogo ndani ya adapta yenye kitelezi hicho. Kikiwa chini, msomaji wa kawaida wa kadi hukataa kuandika, na skripti inashindwa kuingia. Kijaribuni nyumbani kwanza kwa kunakili faili moja. Vipo visomaji vya bei rahisi visivyokiheshimu.