Mafundi wa Mbeya, mnapiga Windows mashine inayoumwa prosesa!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Kompyuta yangu ya mezani hapa nyumbani Uyole ilianza kukata katikati ya kazi. Kioo kinageuka bluu, inaandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, inajiwasha upya. Siku nyingine inaandika CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT. Nikapiga picha kwa simu, nikaibeba mashine mpaka kwa fundi mmoja Mwanjelwa. Picha hata hakuitazama. "Windows imekufa hii kaka, tunapiga mpya." Nikamwambia kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski, kuna hesabu za kikoba chetu tangu 2021, asiguse. Akaitikia. Kisha akafuta diski nzima, akaigawa upya, akachukua 30,000 yake.

Jioni ileile, bluu ileile.

Nikarudi. Akapiga Windows tena, toleo jingine, na hela nyingine! Nilipouliza kama haiwezi kuwa joto, akacheka mbele ya wateja: Mbeya hii ya baridi kompyuta itapataje joto?

Sasa mafundi mlioko humu, someni. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, namba yake 0x124, maana yake kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, na mara nyingi anayeripoti ni prosesa. CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, 0x101, ni kiini kimoja cha prosesa kimeshindwa kuitika kwa wakati wenzake wakikingoja. Chanzo kinaweza kuwa joto, pawa saplai iliyochoka, ramu mbovu, biosi (programu ya ndani ya madabodi) ya zamani, au mtu kaongeza kasi ya prosesa kupita kiwango chake. Draiva nayo huwa inahusika, sikatai. Lakini huanzi kwa kufuta data ya mtu! Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows yenyewe, ingia System, tafuta WHEA-Logger. Ukikuta tukio namba 18, soma APIC ID, yaani namba ya kiini kilichoripoti. Ikijirudia ileile kila mara, shuku kiini hicho. Ni kazi ya dakika chache, haihitaji hata bisibisi.

Bisibisi nayo hakuigusa. Mdogo wangu alipofungua kava, vumbi la kiangazi lilikuwa limelala juu ya feni bila alama hata ya kidole. Hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, ile ya miguu minne ya kubonyeza, mguu mmoja ulikuwa umechomoka kwenye madabodi, upande mmoja umeinuka. Pesti ya kupitisha joto chini yake imekauka, ukiikwangua kwa ukucha inapukutika kama udongo wa tofali. Kabla ya hapo tulikuwa tumeweka programu ya kupima joto: ukifungua kazi nzito kidogo inapanda mpaka nyuzi 100. Baridi ya Julai inasaidia nini kama joto halina njia ya kutoka kwenye prosesa?

Tukafuta pesti ya zamani, tukapaka mpya, tukabonyeza miguu yote mpaka ikalia. Kazi ileile sasa haivuki nyuzi 70, na kioo cha bluu hakijarudi.

Kinachoniuma ni kwamba picha ya kosa ilikuwa mezani kwake. Jibu limeandikwa kwa herufi kubwa, na yeye anaingiza flashi. Wanakikundi ni akina mama wanaouza viazi na ndizi, wanadunduliza kila wiki, na wanataka kujua hisa zao zimefika wapi. Nimemfuata anirudishie hela, ananiambia kazi niliyomlipa ni kupiga Windows na Windows imeingia. Huo ni wizi, na sitalainisha neno.

Kwa wenye ujuzi: ile diski ni hadidiski ya kawaida, si SSD. Nimeichomoa na sijaandika kitu juu yake tena, mashine inatumia nyingine. Najua sehemu zilizokaliwa na Windows mpya zimekwenda, lakini D ilikuwa mwishoni mwa diski. Kama kuna mtu Mbeya, Iringa au hata Makambako anayefanya kazi ya kurudisha faili, na atakubali nikae pembeni yake akiifanya, aniandikie hapa. Nauli na gharama nalipa.