Kukarabati nyumba ya mama Ujiji: kodi ya majengo itapanda?

Kutoka: Bint Ujiji, Houston

Mwakeye ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Sisi watoto tumechanga tuitengeneze nyumba ya mama pale Ujiji. Mama ana miaka 71, anaishi na mjukuu, na nyumba ni ile aliyoiacha marehemu baba: tofali za kuchoma, bati limeota kutu, choo kiko uani. Wakati wa masika kukifikia usiku ni mtihani kwa magoti yake. Tunataka kubadili bati, kupiga lipu, kuweka vigae na choo cha ndani. Kaka anataka tuongeze fremu mbili za maduka upande wa barabarani mama apate kipato. Mdogo wetu wa Dar anasema tupandishe ghorofa kabisa.

Mama hataki chochote. Jirani amemwambia nyumba ikipendeza kodi inapanda, na yeye hana mshahara. Inaniuma sana kwamba atabaki na choo cha uani kwa kuogopa kodi ambayo hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Pia baba mdogo hapa Houston, miaka 67, anataka kuongeza chumba kwenye nyumba yake, na maneno anayoambiwa ni yaleyale. Wenye kujua nisaidieni.

Kutoka: Kaka wa Gungu, Kigoma

Dada, hongereni kwa kumkumbuka mama. Mpigie leo, umtulize.

Kodi ya majengo kwetu sasa haitazami uzuri wa nyumba. Zamani kulikuwa na uthamini, na maneno ya jirani yangekuwa na uzito. Leo nyumba zote za kawaida zinalipa sawa. Tangu Agosti 2021 kodi inakatwa kwenye LUKU, yaani ukinunua umeme wa kulipia kabla. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa katika manispaa kama hii yetu ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, yaani 90,000 kwa mwaka. Kwa hiyo bati jipya, lipu, rangi, vigae, jipsamu, madirisha ya aluminiamu na hicho choo cha ndani havimwongezei mama hata shilingi moja.

Tena kwa umri wake huenda hapaswi kulipa kabisa. Mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60 anasamehewa kodi ya nyumba moja, ile anayoishi mwenyewe. Lakini msamaha haujileti, mita haijui umri wa mtu. Mpaka aombe (ulizeni manispaa au TRA, mamlaka ya mapato, ni ofisi ipi inapokea), LUKU itaendelea kukata, na mwezi ambao hakununua umeme unamsubiri kwenye manunuzi yanayofuata. Mwambie mjukuu asome ujumbe wa tokeni, makato yanaonekana pale. Mkienda ofisini bebeni kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, karatasi za umiliki na namba ya mita.

Hapo kwenye umiliki ndipo ninapowaomba msimame kidogo, dada, maana ni pazito kuliko bati. Umesema nyumba aliiacha baba. Je, mirathi ilifunguliwa? Msamaha ni wa mwenye nyumba. Kama karatasi bado zina jina la marehemu, mama ataonekana anaishi kwenye nyumba isiyo yake, ingawa mtaa mzima unajua ni yake. Fungueni mirathi mahakama ya mwanzo, nyumba iingie jina lake, ndipo mpeleke ombi. Na ninyi mlioko nje mnaojengea wazazi kwenye viwanja vyenye majina yenu, jueni kwamba mwenye nyumba hapo ni wewe wa miaka 40, si mama. Msamaha wa uzee haupo.

Fremu mimi nisingejenga. Nyumba ya mzee inasamehewa kwa kuwa ni makazi, na mkiweka biashara mbele mnaugusa msamaha wenyewe. Kama kipato ni lazima, pigeni hesabu kwanza: pango la fremu mtakalopata likizidi kwa mbali hiyo 18,000, basi ni uamuzi wenu, ila mama aujue kabla tofali la kwanza halijawekwa. Ghorofa naipinga kwa sababu mbili. Magoti ya mama hayataki ngazi. Halafu siku nyumba itakapokuwa ya mrithi kijana, itahesabiwa sakafu kwa sakafu.

Wenye nyumba za udongo au za nyasi, hizo hazitozwi. Mkizibomoa mkasimamisha tofali na bati, mmeingia kwenye orodha.

Na kibali cha ujenzi cha manispaa msikiruke mkiongeza chumba. Rangi na lipu hazina shida.

Kutoka: Mzee wa Katubuka, Fort Worth

Marahaba binti yangu. Huyo kijana wa Gungu amesema kweli, ila mambo yake usiyalete Texas. Huku wanatazama thamani. Ofisi ya uthamini ya kaunti inaangalia nyumba ilivyo tarehe 1 Januari, na kodi ya shule, mji na kaunti zinatoka kwenye thamani hiyo.

Baba yako mdogo aanze na karatasi kabla ya nyundo. Mwenye miaka 65 na zaidi akishaandikishwa msamaha wa umri kwenye nyumba anayoishi, kodi yake ya shule inafungwa isipande juu ya pale ilipokuwa. Baadhi ya miji na kaunti nazo zinafunga, aulize ya kwake. Nimekutana na wazee wetu wengi waliopita umri huo na hawajajaza fomu, wanalipa kila mwaka kile ambacho sheria imewaondolea.

Matengenezo ya kawaida, kama paa lililochoka, bomba au rangi, hayafungui hicho kifuniko. Chumba kipya kinakifungua: kodi ya shule inaweza kupanda kwa kile kilichoongezwa. Vilevile, thamani inayotozwa kwa nyumba ya makazi haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, lakini jengo jipya liko nje ya ulinzi huo. Kwa hiyo chumba kitamgharimu, na ni haki yake kukijenga akijua hivyo. Thamani ikija kubwa mno, apinge: mwisho ni Mei 15, au siku 30 tangu kuletewa taarifa, ile inayochelewa zaidi.

Ataambiwa pia kwamba mzee anaweza kuahirisha kulipa. Ni kweli, ila riba ya asilimia 5 kwa mwaka inatembea na deni linawangoja warithi. Watoto wake wakae naye walizungumze.

Kutoka: Mama wa Kibirizi, Leicester

Shikamoo Mzee wa Katubuka. Swali kwa Gungu: mama yangu ana mita mbili, moja ya nyumba kubwa, moja ya vyumba vya uani walivyopanga wanafunzi. Kote kunakatwa. Ni sawa?

Kutoka: Kaka wa Gungu

Shikamoo mama. Jengo moja likiwa na mita mbili, peleka namba zote ofisini ili ikatwe mita moja tu. Ila kama vyumba vya uani vimesimama peke yake, hilo ni jengo la pili, tena lina wapangaji. Msamaha wa umri utashika nyumba kubwa tu.

Kutoka: Bint Ujiji

Asanteni sana, na shikamoo zote zimfikie Mzee wetu. Nimeongea na mama kwa kirefu. Mjukuu amesoma tokeni: 1,500 ipo kila mwezi, na mama alidhani ni umeme umepanda bei. Amekubali choo na bati. Fremu tumeziweka kando, na mdogo wetu ameacha habari ya ghorofa. Kaka anakwenda mahakamani wiki ijayo kuulizia mirathi, kwa sababu ni kweli, jina la baba bado lipo.

Baba mdogo ameomba nimjazie fomu Jumamosi. Chumba anakitaka hata kodi ikiongezeka, ili bibi akija kutoka Kigoma asilale sebuleni.

Kaka wa Gungu, kama unamjua fundi bomba mwaminifu Ujiji au Mwanga, nitumie namba yake kwa faragha.