Mjadala: Vitabu vya wanyama hatari na majanga, watoto wasome au tuviondoe?

Baba Aisha

Wakuu, habari za jioni. Nisaidieni kabla ya kikao cha wazazi Jumamosi.

Binti yangu yuko darasa la tatu. Mwezi uliopita alirudi na kitabu cha maktaba ya shule, kimoja kati ya vile vilivyokuja kwenye maboksi ya msaada. Wanyama hatari na majanga ya dunia, picha kila ukurasa. Jaladani papa kaachama hadi ufizi unaonekana. Ndani anakonda, vile vimbunga vya Marekani vinavyozunguka kama pia, mlima unaotapika moto. Kakisoma mara nne. Sasa usiku haendi chooni bila kusindikizwa, na Idi tulipovuka kwenda Kigamboni alikaa mchangani na viatu miguuni, wenzake wanaoga.

Kuna mzazi katoa hoja vitabu vya namna hii viondolewe kwa watoto walio chini ya darasa la tano. Nusu ya kundi wameshaunga mkono. Mimi sijajua nisimame wapi, maana kabla ya kitabu hicho Aisha alikuwa hashiki kitabu bila kugombezwa.

Mama Tumaini

Mwenye hoja ni mimi, Baba Aisha, usizunguke.

Viondolewe. Ukurasa wa 23 kuna picha ya mguu wa mtu uliotafunwa na papa. Mtoto wa miaka minane hana pa kuiweka picha ile ila kwenye ndoto. Na nyinyi mnaosema "acha akomae", saa nane usiku mtoto akilia ni nyinyi mnaoamka? Mnageukia ukutani.

Mwalimu wa Kusini

Dada, nakuheshimu, lakini hapa nakukatalia. Nimefundisha vijiji vya Lindi miaka mingi. Utafiti uliochapishwa 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na wengi walikuwa wa kusini huku. Siyo hadithi ya simba wa Tsavo, Kenya, waliokula wajenzi wa reli 1898, wanayoipenda wageni. Ni majirani.

Walikuwa wapi? Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, watu wanapolala shambani kwenye madungu wakilinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Simba anamfuata nguruwe, anamkuta mtu. Baadaye, 2011, watafiti wakaonyesha jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu analielewa kabisa: hatari inapanda siku zinazofuata mwezi mpevu. Usiku wa mbalamwezi simba anapata kidogo, wanyama wanamwona. Mwezi unapoanza kuchelewa kuchomoza, zile saa za mwanzo wa usiku zinakuwa giza, simba ana njaa, na sisi bado tuko nje tunaota moto, tunakwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Hayo ndiyo ningependa mtoto ayasome. Kitabu cha Aisha kimemwambia papa ana meno mangapi. Hakikumwambia anakaa wapi, anatoka saa ngapi, na yeye Aisha akimwona afanye nini. Ukimnyima mtoto hayo matatu, hofu yote inahamia mahali palipo na giza karibu naye, yaani chooni.

Nesi wa Zamu

Ugomvi wangu na vitabu hivi si picha. Ni makosa yaliyomo.

Niliwahi kushika kimoja chenye mchoro wa mtu anafyonza sumu ya nyoka kwenye kidonda kwa mdomo. Mtoto akiona mchoro kama ule anaukariri maisha. Jamani: usichanje, usifyonze, usikaze kamba, wala msihangaike na lile jiwe jeusi la nyoka. Aliyeumwa atulizwe, mguu au mkono uliogongwa usitikisike, ufungwe ubao kama mfupa uliovunjika, vueni pete na bangili kabla hajavimba, kisha hospitali. Basi. Yanaenea ukurasa mmoja, na wenye kuchora wangeyachora vizuri.

Halafu nyota wa kila kitabu ni koboko, mbio zake, sumu yake. Anayetuletea wagonjwa wengi ni kifutu, bafe kwa wengine. Mnene, mvivu, hakimbii ukija. Anajilaza njiani kwenye majani makavu yenye rangi yake, unamkanyaga. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 81,000 hadi 138,000 wanakufa kwa nyoka kila mwaka duniani, na wengi ni watu wa mashambani wasio na viatu vya maana.

Na mbwa je, yumo kwenye kitabu hicho? Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, na katika kila kumi wanaokufa wanne ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto aking'atwa anaficha asichapwe kwa kuchokoza mbwa wa watu. Aliyesoma kwamba kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, kisha mbio kwenye chanjo, atasema.

Mpenda Misitu

Nesi yuko sahihi, ila mjue kuna gharama. Watoto wakishasoma "nyoka muuaji" wanaponda kila kinachotambaa, hadi mjusi kafiri. Wengi wa nyoka hao hawana sumu ya kumdhuru mtu, na ndio wanaotupunguzia panya wa ghalani.

Mtu wa Goma

Jambo wote. Hiyo hoja ya darasa la tano mkiileta huku kwetu Kongo itaua watoto.

Tuna kitu tunaita mazuku. Ni hewa nzito ya ukaa, inatoka ardhini upande huu wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, na kutulia kwenye mashimo na mabonde. Huioni. Mtu mzima anapita kichwa kikiwa juu yake, hajui lolote. Mbuzi anainamisha shingo, anaanguka. Mtoto naye ni mfupi. Sasa mnataka asubiri arefuke ndipo asome?

Neno hilo wataalamu wa volkano duniani wanaliandika vilevile, mazuku, kwa Kiswahili chetu. Nenda kalitafute kwenye kitabu cha mtoto. Kuna picha ya lava inayong'aa, basi. Lava nayo tumeiona, 2002 katikati ya mji na Mei 2021 ukingoni mwake, lakini lava unaiona ikija.

Bibi wa Pangani

Wajukuu zangu, sisi tuliambiwa kisimani kuna zimwi. Hatukusogea. Wala hatukuhitaji kitabu.

Mwalimu wa Kusini

Shikamoo bibi. Zimwi lilifanya kazi mpaka siku mtoto mmoja alipochungulia akakuta maji matupu, akawaita wenzake.

Lakini kwa upande mwingine nakuunga mkono. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, walipigwa na tsunami 1907. Wazee wakaitia kwenye hadithi na nyimbo, wakaiita smong: ardhi ikitikisika sana, bahari ikirudi nyuma, kimbieni mlimani. Desemba 26, 2004 ilipotokea tena, katika watu kama 78,000 walikufa saba. Maji yaleyale yalifika hadi pwani yetu, na Dar es Salaam watu walikufa wakiogelea. Bibi wa Simeulue hakuwa na kitabu, lakini hakusema zimwi. Alisema bahari inafanya nini.

Mama wa Katesh

Nimesoma yote kimya. Mimi ni wa Hanang. Tope liliposhuka Desemba 3, 2023 lilichukua watu zaidi ya 80. Mwanangu hadi leo mvua ikianza kugonga bati anakaa kitandani na viatu tayari mkononi.

Kwa hiyo Mama Tumaini nakuelewa kuliko unavyodhani. Mwanangu ningeletewa picha ya nyumba iliyofukiwa ningeichana.

Lakini sikilizeni. Siku zile watu walisema mlima umelipuka. Wengine wakasema ni adhabu. Mwanangu akaniuliza kama mlima una hasira na sisi kwa sababu walikuwa wakiteleza pale juu kwa madumu. Miezi mitatu amebeba hilo, hajaniambia. Nikamweleza kama serikali ilivyotueleza: sehemu ya mlima ina miamba laini, ilinyonya maji hadi ikashindwa kujishika, ikateleza. Nilichora kwa mkaa sakafuni kwa sababu sikuwa na kitabu. Aliuliza maswali mpaka ugali ukapoa. Kitabu kama hicho nipeni hata leo, hata kama yuko darasa la pili.

Baba Aisha

Nimerudi. Jana nimekaa na Aisha mkekani, kila ukurasa nauliza swali la Mwalimu: huyu anakaa wapi? Anakonda, Amerika ya Kusini. Kimbunga, Marekani. Akaanza kucheka. Kwa papa akanyamaza, maana papa kamwona mwenyewe Feri, amelazwa sakafuni. Nikamwambia papa tunamla sisi kuliko anavyotula. Kafikiri, kasema, "Basi papa ndio wangekuwa na kitabu chetu."

Jumamosi nitapinga hoja ya kuondoa vyote. Nitaomba Nesi wa hapa mtaani kwetu avipitie kimoja kimoja, chenye uongo kitoke, kilichobaki kisomwe na mtu mzima kando. Na tuanze kuandika vya kwetu: kifutu, mbwa, mbu, mafuriko ya Msimbazi. Kuchora nitachangia.

Mama Tumaini

Umeruka ukurasa wa 23, kaka.

Baba Aisha

Nimeubandika karatasi.

Mama Tumaini

Kumbe! Haya, na chooni anakwenda mwenyewe?

Baba Aisha

Bado.