Wanachama wapya kwenye kundi la wafugaji: tuwafungie, tuwahakiki au tuwaache waposti?

Mwana_Kibaha (mleta mada)
Wakuu, habari za leo. Nasimamia kundi la Telegram la wafugaji wa kuku. Tumeshavuka watu elfu tatu, wengi wa Tanzania, wachache Kenya. Haipiti wiki hajaingia mtu mpya, salamu hana, anamwaga tangazo: vifaranga wa kroila, tuma nusu ya pesa kwenye namba hii tukusafirishie. Watu wanatuma, namba inazimwa. Wengine wanaleta linki za kubeti na habari za "weka laki upate laki tatu".

Maadmini tumegawanyika. Kuna wanaotaka mgeni asome tu kwa wiki nzima ndipo afunguliwe kuandika. Kuna wanaotaka kila anayeomba kujiunga ahojiwe kwanza. Wengine wanasema tuache kama ilivyo, tuwe tunafuta. Mimi nimeelemea kwenye la kwanza, ila roho inasita. Waliowahi kuendesha makundi makubwa, lipi limewafaa?

Dokta_Mifugo
Mkuu, hilo la kwanza lisikushawishi hata kidogo. Jiulize ni nani anayejiunga na kundi la kuku saa tano usiku. Mwenye kuku wazima hana haraka. Huyo ni mtu aliyekuta kuku wamelala, shingo zimepinda, kinyesi cha kijani. Hapo cha kwanza kushuku ni mdondo (Newcastle), ugonjwa wa kirusi, na mdondo hauna dawa. Kinachomsaidia ni kuambiwa usiku huohuo kwamba asiuze wala kugawa kuku hata mmoja, mizoga aifukie au aichome, asiingie banda la jirani na viatu vilevile, asubuhi amwite afisa mifugo. Ukimpa wiki ya kusoma, akimaliza kusoma banda ni tupu, na la jirani pia.

Kama ni vifaranga wa wiki tatu nne na kinyesi kina damu, hapo nitafikiria koksidiosisi kwanza, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na dawa ya Amprolium kwenye maji ya kunywa ikiwahi inaokoa wengi. Picha ya kinyesi inanisaidia sana kujua nianzie wapi. Kwa hiyo hata kumruhusu maandishi ukamnyima picha, mimi umenifumba macho.

Fundi_Data
Nakubaliana na Dokta, na nitaongeza mifano ya majukwaa makubwa maana hili si jipya. Wikipedia ya Kiingereza ilifanya jaribio kuanzia Septemba 2017 hadi Machi 2018: mgeni asianzishe makala mpya mpaka akaunti yake ifikishe siku 4 na masahihisho 10. Mwaka 2018 wakalifanya la kudumu. Lakini kurekebisha makala nyingi zilizopo, mgeni anaruhusiwa tangu dakika ya kwanza. Stack Overflow nao, jukwaa la maswali ya waandishi wa programu, kwa miaka mingi walikuwa hivi: mgeni anauliza na anajibu, ila kutoa maoni chini ya maswali na majibu ya wengine mpaka afikishe pointi 50.

Programu ya Discourse, inayoendesha majukwaa mengi sana, imekaa vizuri zaidi kwa maoni yangu. Kwa mpangilio wake wa kawaida, mgeni hatumi ujumbe wa faragha, na posti yake haizidi picha moja na linki mbili. Akishafungua mada 5, akasoma posti 30 na kutumia dakika 10 kusoma, vizuizi hivyo vinaondoka vyenyewe bila kumwomba mtu. Tazameni wanachofunga: ni kile ambacho tapeli anakihitaji na muulizaji wa kweli hakihitaji. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemfunga mgeni mdomo.

Mama_Leya
Naomba mnisikilize na mimi niliyeliwa pesa. Aliyenitapeli hakuwa mgeni. Alikuwa ndani ya kundi miezi kadhaa, kimya, anatoa pole kuku wa watu wakifa, anaweka alama ya dole. Siku alipotangaza vifaranga nilimwona ni mwenzetu, nikatuma advansi. Sasa ninyi mkiweka wiki moja, au hata mwezi, mtu wa namna ile atasubiri, ndiyo kazi yake. Atakayeumia na kusubiri ni mwanamke kama mimi nilipoanza, sijui hata chanjo inawekwa jichoni.

Matangazo ya kuuza yabanwe kwa watu wote, mpya na wa zamani. Nalisema hili kwa uchungu.

Kienyeji_Nakuru
Pole sana, mama. Kwetu tuko WhatsApp na hapo hakuna namna ya kumzuia mtu mmoja: ama wote waandike, ama maadmini peke yao. Tukabaki na kuidhinisha wanaojiunga. Tunamuuliza anafuga nini na yuko kaunti gani. Matapeli wavivu wanakwama, hilo ni kweli. Lakini maombi yanalala mpaka asubuhi kwa sababu admini naye ni mfugaji, amechoka, amelala. Telegram ina nafasi zaidi, itumieni.

Dokta_Mifugo
Mama Leya amegusa penyewe. Niongeze hatari nyingine: majibu. Mtu anauliza kuhusu mdondo, anatokea mwingine aliyejiunga jana anamwandikia antibayotiki. Antibayotiki haiui kirusi. Pesa imekwenda na mayai yenye mabaki ya dawa yanaliwa na watoto. Ningependa mgeni aulize siku ya kwanza, ila ushauri wa dawa asubiri.

Mzee_Songea
Dokta, kwa heshima, hapo nakataa. Nimefuga tangu kabla ya simu za picha. Kwenye kundi mimi ni mgeni, kwenye banda si mgeni. Mkininyamazisha mtapoteza wazee wengi kwa mpigo, maana sisi tukinyimwa neno mara moja haturudi.

Fundi_Data
Shikamoo mzee. Kuna njia ya kati. Hacker News, jukwaa la habari za teknolojia, wanaandika jina la akaunti mpya kwa rangi ya kijani: unasema utakalo, na msomaji anaona kuwa hujazoeleka. Kwenye Telegram boti, yaani programu inayojiendesha yenyewe ndani ya kundi, inaweza kujibu chini ya posti ya mgeni kwamba ushauri huu haujathibitishwa na daktari wa kundi.

Mzee_Songea
Marahaba. Hilo nalipokea.

Mwana_Kibaha
Ahsanteni. Nitakalowapelekea wenzangu leo: mgeni anaandika, anatuma picha na sauti tangu anapoingia. Linki, namba za simu na ujumbe uliofowadiwa kutoka kwa mgeni, boti inaondoa. Tangazo la kuuza, hata likiwa langu, linapitia kwa admini na linatoka Jumamosi tu. Na anayedai advansi kabla mnunuzi hajaona vifaranga, tangazo halipiti. Mama Leya, ukikubali tungependa uwe mmoja wa wanaoyakagua.

Mama_Leya
Nakubali.

Dokta_Mifugo
Basi bandikeni juu kabisa ujumbe wa kumsaidia mgeni kuuliza: umri wa kuku, wako wangapi, wangapi wamekufa na tangu lini, chanjo ya mwisho ilikuwa ipi, wanakula nini, dawa gani wameshapewa. Picha ya kuku mgonjwa na ya kinyesi, zipigwe mchana au penye mwanga wa kutosha. Akija na hayo, namjibu bila kumrudishia maswali.