Naomba ushauri: nahamishiwa Bukoba, chakula kitanishinda?

Habari zenu wakuu. Nimepata uhamisho wa kikazi kutoka Tanga kwenda Bukoba, naripoti mwezi ujao na familia. Mvua hainitishi, shida ni tumbo. Sisi bila wali wa nazi siku haijapita, na ndizi tunapika mara moja moja tu, tena kwa nazi hiyo hiyo. Naambiwa huko ndizi na maharage ndiyo chakula chenyewe, mchana na usiku. Sato na sangara najua wapo, ziwa si liko hapo hapo. Ila nazi je? Zinapatikana sokoni kwa bei ya kueleweka au nibebe gunia?

Halafu kuna senene, wale wadudu kama panzi wanaoliwa huko. Nikitengewa ugenini nikashindwa kula, nakataaje bila kumvunjia mwenyeji heshima? Na ile kahawa ya kutafuna, mgeni anatafuna palepale au anaruhusiwa kutia mfukoni? (Msicheke.)

Mke wangu naye anauliza kuhusu kupiga magoti wakati wa kusalimia wakubwa: mgeni naye anategemewa afanye hivyo, au shikamoo inatosha?

Wenyeji wa Kagera, na hasa watu wa pwani mliowahi kuishi huko, nisaidieni.