Uwanja wa mbio za magari Nyanda za Juu Kusini: tunauhitaji au tunaota?

Kijana wa Soweto
Wakuu, heshima kwenu. Mwezi jana nilikuwa Abu Dhabi kwa shemeji, akanipeleka Yas Marina, ule uwanja wa Formula 1 ulio kando ya maji. Siku zisizo na mashindano mtu wa kawaida analipa, anavalishwa helmeti, anaingia kwenye gari ambalo sisi tunaliona kwenye simu tu. Kilomita tano na nusu, lami kama sahani, jua linawaka, boti za matajiri zimepaki pembeni.
Nimerudi Mbeya, usiku nasikia Altezza na Subaru zinafukuzana barabarani kati ya bajaji. Nikajiuliza: kwa nini mikoa yetu isitafute eneo nje ya mji, hata la kilomita mbili tu, vijana wakamalizie hasira huko? Ile barabara ya njia nne ya Nsalaga–Ifisi hapa Mbeya mnadhani watapita nayo kistaarabu?
Tujadili bila matusi. (Watu wa Iringa najua mtasema mna rali. Kukimbiza gari kwenye vumbi la mashamba siyo kuendesha, ni kufukuza kuku.)

Mhehe wa Kihesa
Kamwene. Nilikuwa nakubaliana nawe kila neno mpaka nilipofika kwenye mabano.
Uwanjani unazunguka kona zile zile. Mzunguko wa kumi hata mbuzi atakuwa amezikariri. Rali kona huijui, unamwamini aliyekaa pembeni anayekusomea daftari, na ukikosea unakutana na mti, siyo matairi yaliyopangwa. Safari Rally imerudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, ipo Naivasha hapo kwa majirani. Nenda ukawaambie na wale Wazungu wanafukuza kuku.

Kijana wa Soweto
Mtani punguza moto, ni utani. Tujibu hoja ya uwanja.

Mama Wawili
Kabla ya uwanja, swali dogo. Umeandika "mtu analipa, anavalishwa, anaingia". Wewe uliendesha?

Fundi Mwanjelwa
Niongee la karakana. Abu Dhabi ni usawa wa bahari. Mbeya tuko kama mita 1,700. Hewa nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda. Chukua Lamborghini Huracán ile ya farasi 610, V10 (silinda kumi) inayovuta hewa yenyewe, bila tabo. Ukiipandisha huku, farasi karibu mia wanabaki Chalinze wanakula nyasi. Subaru yenye tabo haiumii sana, maana tabo inasukuma hewa kwa nguvu. Kwa hiyo vijana wetu wasidharauliwe.
Na hilo gari kwa lilivyo chini, tuta la kwanza tu linaacha bampa.

Mwalimu wa Tukuyu
Si ndiyo huyo Lamborghini aliyeanza kwa kutengeneza trekta? Nakumbuka alikuwa na Ferrari, klachi ikamsumbua, akaenda kulalamika kwa mwenye kampuni, akaambiwa arudi kwenye matrekta yake. Akakasirika, akaunda gari lake. Nadhani ni 1953.

Kalamu Nyekundu
Mwalimu, trekta alianza 1948, magari ni 1963. Kisa cha klachi kinasimuliwa sana, kila msimulizi anaongeza chumvi yake. Na mleta mada, Yas Marina siyo kilomita tano na nusu tena. Waliukata 2021, sasa ni 5.281. Ulizunguka upi?

Mama Wawili
Ndiyo maana nauliza. Uliendesha?

Mkulima wa Ubaruku
Samahani wakuu, hayo matrekta ya Lamborghini bado yapo? Huku Mbarali kwenye mpunga tunahangaika na pawatila, msimu ukianza foleni kama ya mafuta. Mwenye kujua bei aweke hapa.

Kalamu Nyekundu
Yapo. Ila kampuni ya trekta iliuzwa miaka ya 70, siyo wale wa magari.

Mkulima wa Ubaruku
Spea zinapatikana? Maana trekta bila spea ni kibanda cha kuku.

Mhehe wa Kihesa
Kuku tena. Leo mmeamua.

Dereva wa Tunduma
Nimesoma nimecheka. Miaka 19 nashusha na kupandisha Dar–Tunduma. Uwanja wa mbio mnao tayari, unaitwa mteremko wa Iwambi, na mwingine Mlima Nyoka. Tofauti ni kwamba mnashindana na mimi nikiwa na tani 30 mgongoni, na anayeshindwa harudii mzunguko.
Mtoto wa Altezza ananipita kwenye kona ya mteremko, ananipigia honi. Hajui kwamba mimi siwezi kusimama. Breki za lori zikishapata moto, unakanyaga hewa. Sheria ya wazee ni moja: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Anayeweka neutro ili aokoe dizeli, msimwite dereva.
Halafu huyo wa Iringa asijisifu. Mlima Kitonga kwao huko nimeona wenyeji wake wakishuka kama wameitwa mbinguni.

Mhehe wa Kihesa
Kitonga wenyeji? Wale ni wapitaji kama wewe! Babu zetu wa chifu Mkwawa pale Lugalo 1891 walimsimamisha Mjerumani na bunduki zake, sembuse Fuso.

Fundi Mwanjelwa
Mkwawa ameingiaje kwenye breki?
Ila mzee wa Tunduma kagusa penyewe. Hata uwanjani ni hivyo hivyo. Ukikanyaga breki mizunguko kadhaa kwa nguvu, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama mpaka chini. Wenzetu wanazunguka wa mwisho taratibu, bila kukanyaga, upepo upoze diski, ndipo wapaki. Kijana akifundishwa hilo sehemu iliyofungwa, Iwambi atashuka kwa adabu. Kwa hoja hiyo naunga mkono uwanja. Hata wa changarawe.

Mhehe wa Kihesa
Wa changarawe ni rali. Karibu nyumbani.

Binti Mbozi
Mimi kaka yangu ana Subaru. Uwanja ukiwa nje ya mji na kiingilio, haendi. Barabarani ni bure na wasichana wanaona.

Dereva wa Tunduma
Dada umesema kweli tupu, mpaka imeniuma.

Mama Wawili
Kijana wa Soweto, hii ni mara ya tatu. Uliendesha, au uliendeshwa?

Kijana wa Soweto
Jamani. Bei ya kuendesha mwenyewe ilikuwa nje ya uwezo wa shemeji. Nilikaa pembeni, dereva wao akaendesha. Mizunguko mitatu. Wa pili nilifumba macho.

Mhehe wa Kihesa
Kumbe kuku ni wewe!

Kijana wa Soweto
Haya mtani, nimelipa deni la mabano. Lakini uwanja je?

Mkulima wa Ubaruku
Bado nasubiri bei ya trekta. Hata lililotumika.